Whispers: Gazetini na Baa

Kwetu Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, mcheshi hupimwa ufukoni, wavuvi wakishona nyavu. Hashiki karatasi, asipochekesha, anaambiwa papo hapo. Kwa kipimo hicho nampima leo marehemu Wahome Mutahi wa Kenya, aliyefariki Julai 2003.

Safu yake ya Kiingereza, "Whispers", ilisomwa kila Jumapili kwa miaka mingi. Humo alijifanya mume mpenda bia; mkewe alimpa jina la Thatcher, kama yule waziri mkuu wa Uingereza, na bintiye Pajero, kama gari. Huyo Thatcher, kusema kweli, hunichosha. Mke mkali ni kichekesho rahisi, naye alikirudia mno. Lakini tukumbuke kwamba mwandishi huyu alitiwa ndani mwaka 1986 kwa tuhuma za Mwakenya. Mtu wa namna hiyo akimcheka baba anayejiona mfalme nyumbani kwake, mimi huangalia pia mfalme wa Ikulu.

Baadaye akaingia kwenye mabaa na michezo ya Kikuyu, kama Mugathe Mubogothi, watazamaji wakiwa na chupa mezani. Hapo alikaribia ufuko wetu: kicheko kinajibiwa, mchezaji anaongeza chumvi. Ila Mluo aliyecheka naye Jumapili gazetini alibaki nje ya lugha, nami Mnyasa pia. Ukitafsiriwa mzaha unachelewa, baa nzima imekwisha kucheka, wewe ndiyo kwanza unamuuliza jirani, "Kasemaje?"