Jirani Asiye na Jina

Mwanangu wa miaka 6 aliponiuliza jina la Kiswahili la mnyama yule, nilinyamaza. Mimi, niliyekwenda ng'ambo kusomea uzamifu wa isimu! Ilikuwa mwaka 2011, nasi tulikuwa tumepanga nyumba yenye ua mdogo mjini Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani. Kila asubuhi alichomoza chini ya ngazi ya mlango wa nyuma kiumbe wa hudhurungi, mwenye mistari mitano myeusi mgongoni na uzito wa takriban gramu 100. Kiingereza humwita chipmunk.

"Ni kindi," nikasema hatimaye. Mtoto akakataa. Kindi alimjua: ndiye yule wa kijivu aliyerukaruka mitini. Huyu aliishi shimoni.

Basi nikaanza kumchunguza. Mwanzoni alinikimbia huku akitoa mlio wa haraka wenye kutetema; baada ya majuma mawili alizichukua mbegu za alizeti kando ya kiatu changu. Alizisheheneza katika vifuko vya mashavuni hata kichwa kikavimba ajabu, akatokomea, na punde akarudi mashavu matupu. Mlangoni mwa shimo hapakuwa na chembe ya udongo uliofukuliwa. Kumbe mjanja huyu huchimba kutokea upande mmoja, akauziba, kisha akafungua mlango mwingine usiomfichua. Jina lake la kisayansi, Tamias, latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mtunza hazina. Wakati wa baridi kali hupoa mwili na moyo ukapunguza mapigo, lakini kila baada ya siku kadhaa huamka, akala akiba yake, akalala tena.

Kilichonishughulisha zaidi ni sauti zake. Amwonapo paka, hulia kwa sauti nyembamba inayorudiwarudiwa. Amwonapo mwewe, hulia kwa sauti nzito ya chini. Sidai kwamba hiyo ni lugha (wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wajua ningewakemea vipi), ila tofauti hiyo si ya bure.

Na jina je? Neno hilo la Kiingereza lina asili katika lugha ya Waojibwe, wenyeji wa maeneo hayo. Lakini kwao ajidamoo ni kindi mwekundu wa mitini. Huyu mwenye mistari humwita agongos. Wageni walilisikia jina la mmoja, wakambandika mwingine. Sijapata kumsikia mtu akisema kwamba Kiingereza ni maskini kwa sababu hiyo. Ila mwalimu wa Kiswahili akikosa neno moja tu darasani, husemwa kwamba lugha yenyewe haijitoshelezi. Nimeyasikia hayo katika vyumba vya walimu, tena kutoka kwa walimu wa Kiswahili, nami yameniuma.

Tunayo maneno kindi, kidiri na kuchakuro. Aghalabu twayatumia kana kwamba ni mamoja, ilhali hata Kenya ina kindi wa mitini na wengine waishio mashimoni katika nyanda kame. Laiti tungaliyagawa maneno hayo kwa makini, ningalikuwa na jibu asubuhi ile.

Mtoto hakungoja kamati ya istilahi. Alimwita Bwana Mashavu, na mama yake akamfuata. Theluji ilipoanguka, Bwana Mashavu alitoweka kwa miezi kadhaa. Siku moja ya machi, theluji ikingali uani, nilisikia kelele kutoka jikoni: "Baba, njoo! Bwana Mashavu amefungua mlango!"