Vidonge Shuleni, Kichocho Ziwani

Wako wagonjwa wasiojijua kuwa ni wagonjwa, na wengi wao huvaa sare za shule. Mtoto wa Igogo ateremkaye ziwani kuchota maji, au kuogelea na wenzake baada ya masomo, hurudi nyumbani akiwa mchangamfu, pengine akijikuna kidogo miguuni, na mama yake haoni jambo la kumtia shaka. Kumbe amekwisha kuingiliwa. Baada ya majuma machache minyoo ya kichocho itakuwa imepevuka ndani ya mishipa ya damu ya matumbo yake, dume na jike wamekumbatiana, na jike akitaga mayai mia na zaidi kila siku. Minyoo hiyo haina haraka. Huweza kukaa humo miaka mitano, hata zaidi.

Twalileta jambo hili mbele ya wanachama na wafanyakazi wa Mwanza kwa kuwa watoto hao ni wao, na kwa kuwa wazazi wengi nao huingia katika maji hayo hayo kila siku wakitafuta riziki. Tena mpango wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo shuleni, ambao ni mpango mwema, umezaa dhana moja isiyokuwa njema: kwamba kazi imekwisha mara mtoto akisha kumeza vidonge.

Kwanza tuondoe kosa moja la zamani. Ukitaja kichocho, watu wengi hufikiri mkojo wenye damu. Hicho ni kichocho cha mkojo, nacho hupatikana zaidi katika malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga, mbali na ziwa. Kichocho cha ufukoni mwa Ziwa Victoria ni cha namna nyingine. Mayai yake hutoka kwa haja kubwa, na dalili zake ni za kufichika: tumbo kuuma, kuharisha mara kwa mara, uchovu, mtoto kutokukua kama wenzake. Kwa hiyo mzazi wa Igogo aweza kuapa kwamba nyumbani kwake hakuna kichocho kwa sababu hajaona damu katika mkojo, na kiapo chake kikawa cha bure.

Daktari wa Kijerumani Theodor Bilharz ndiye aliyeiona minyoo ya kichocho mjini Cairo mwaka 1851, alipokuwa akipasua maiti. Ikapita miaka zaidi ya 60 kabla ya wataalamu kujua inavyoingia mwilini. Wajapani walilifumbua fumbo hilo mwaka 1913 kwa minyoo ya kwao, na mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper akalithibitisha huko Misri: mwenyeji wa ugonjwa ni konokono. Yai likifika majini huanguliwa. Kijidudu kitokacho humtafuta konokono wa namna yake, kikazaana ndani yake kwa majuma kadhaa, kisha konokono huyo humwaga majini maelfu ya viluwiluwi wenye mkia wa panda, wadogo hata macho hayawaoni. Hao hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Nao hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, yaani saa zile zile ambazo watoto wetu hupenda kuoga.

Mayai yanayotoka humdhuru jirani; yasiyotoka humdhuru mwenyewe. Hayo huchukuliwa na damu hadi ini, yakakwama humo na kuacha makovu, na makovu yakizidi njia ya damu huzibika. Hapo bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya koo la chakula hufura hata siku moja ikapasuka, mtu akatapika damu na pengine kufa. Katika visiwa vya Ukerewe madaktari wameyaona na kuyaandika mambo haya kwa miaka mingi. Si mara chache mtu mwenye tumbo la namna hiyo husemwa kuwa amerogwa, na fedha ambayo ingempeleka hospitali ikaishia kwa mganga wa ramli.

Minyoo ya ardhini ni rahisi kueleza. Iko ile mikubwa ya duara ambayo kila mama anaifahamu, iko iliyo mfano wa mjeledi, na iko ya safura, ambayo ndiyo hatari kuliko zote kwa wanawake wajawazito na watoto. Ya safura hupenya nyayo za mtu atembeaye peku palipo na kinyesi, ikajishikiza ukutani mwa utumbo na kunyonya damu. Mtoto mwenye minyoo hiyo kwa wingi huwa mweupe wa viganja, mzito wa mwendo, na darasani husinzia. Mwalimu asiyejua humwita mvivu, naye amepungukiwa damu.

Sasa tuje katika mpango wenyewe. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kwamba ifikapo mwaka 2010 si chini ya asilimia 75 ya watoto wa shule walio katika hatari wawe wanapata dawa. Tanzania ilianza mpango wake wa taifa mwaka 2005, ikisaidiwa na wataalamu wa Chuo cha Imperial cha London chini ya Alan Fenwick, ambaye katika miaka ya 1960 alikuwa kijana akifanya kazi nchini humu juu ya konokono wa kichocho. Dawa ya minyoo ya ardhini ni albendazoli au mebendazoli, kidonge kimoja tu. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, iliyovumbuliwa Ujerumani katika miaka ya 1970. Tangu mwaka 2007 kampuni ya Merck ya huko huitoa bure kwa kupitia Shirika la Afya Duniani.

Twaipenda akili iliyotumika katika kugawa dawa hiyo. Kipimo chake hutegemea uzito wa mtu, lakini ni shule ngapi zenye mizani ya kuaminika? Basi ikatengenezwa fimbo. Mtoto husimamishwa kando ya fimbo, na urefu wake husema idadi ya vidonge: aliyefika sentimita 94 hupewa kimoja, aliyefika 125 viwili, aliyefika 150 vitatu. Mwalimu wa kawaida, akisha kufundishwa kwa siku moja au mbili, aweza kuhudumia shule nzima kabla ya jua kutua. Hapahitajiki daktari wala sindano.

Hata hivyo vidonge hivyo ni vikubwa, ni vichungu, na kwa mtoto mwenye minyoo mingi huleta kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo, hasa akivimeza na njaa. Mwaka 2008 mkoani Morogoro jambo hili lilileta msiba wa aina yake. Watoto waliugua baada ya kumeza dawa shuleni, habari zikaruka kutoka mtaa hadi mtaa, wazazi wakakimbilia shuleni kwa hasira, polisi wakaitwa, na ugawaji ukasimamishwa. Uvumi ulikuwa mwingi, wa sumu na mengineyo. Wako waliowacheka wazazi wale kuwa ni wajinga. Sisi hatuwacheki. Mzazi ambaye hakuambiwa dawa ni ya nini, wala itamfanya nini mwanawe, kisha akamwona mwanawe amelala chini anatapika, afikiri nini? Kosa lilikuwa la kutoa dawa kabla ya kutoa maelezo. Jawabu lake halihitaji fedha nyingi: mikutano ya wazazi mapema, na uji siku ile ya dawa. Sufuria la uji katika mpango huu lina thamani sawa na kopo la vidonge.

Wako pia wanaouliza kama taabu yote hii ina faida. Jirani zetu wa Busia, magharibi mwa Kenya, walijaribiwa katika shule 75 kuanzia mwaka 1998. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer waliandika mwaka 2004 kwamba utoro katika shule zilizopewa dawa ulipungua kwa robo, na kwamba hata watoto wasiomeza dawa walinufaika, maana mayai machache zaidi yalitupwa ardhini na majini. Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Ni kweli kwamba wataalamu wengine walizipitia hesabu hizo upya mwaka 2015 na kukawa na mabishano makali, ambayo hayajaisha. Kwa maoni yetu mabishano hayo ni ya wanaopima mahudhurio na mapato. Kumwondolea mtoto minyoo inayomla ini hakuhitaji kuthibitishwa na mchumi.

Linalotuumiza kichwa ni jingine. Prazikwanteli huua minyoo iliyopevuka, lakini minyoo michanga huiacha, wala haimkingi mtu asiambukizwe tena. Mtoto aliyemeza dawa Jumatatu akioga ziwani Jumamosi ameanza upya. Kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na wenzao wa Denmark, kililichungua jambo hili kuanzia mwaka 2011 katika vijiji 150 vya ukanda wetu. Vijiji vingine vilipewa dawa shuleni peke yake, vingine watu wote, vingine kila mwaka, vingine kwa kurukaruka. Mwishowe ugonjwa ulipungua, lakini ulikuwa ungalipo kila mahali, wala haikuonekana tofauti kubwa kati ya njia moja na nyingine. Msomaji na aitafakari habari hiyo. Vidonge vilibadilishwa mtindo wa kugawiwa, na ziwa likabaki lile lile.

Hapa ndipo Igogo inapoingia. Anayekijua kilima cha Igogo anajua kwamba nyumba zimepandana juu ya majabali, na kwamba kuchimba choo mahali pale ni kushindana na mwamba. Shimo huwa fupi na hujaa upesi, gari la kunyonya uchafu halifiki kwa kukosa barabara, na si siri kwamba mvua kubwa ikinyesha wako wanaofungulia choo maji yakachukua. Yanachukua kwenda wapi? Bondeni, na kutoka bondeni ziwani, ambako konokono wanangoja. Tusimlaumu mno mpangaji wa chumba kimoja juu ya jabali. Hakuuchagua mwamba; alichagua kodi anayoiweza.

Miaka ya karibuni Mamlaka ya Maji ya Mwanza imelaza mabomba membamba ya majitaka katika baadhi ya vilima vya mji, Igogo kikiwa kimojawapo, mabomba ambayo hupita kati ya majabali mahali ambapo bomba kubwa lisingepita. Kwa maoni yetu kazi hiyo ni dawa ya kichocho kuliko vidonge vyenyewe, ingawa hakuna anayeiita hivyo.

Nchi hii imepata kufanya makubwa bila ya kungoja mtu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Wajapani nao, kabla dawa hii haijavumbuliwa, waliwaandama konokono wao, wakajenga mifereji yao kwa saruji, na mwaka 1996 wakatangaza kwamba ugonjwa umetoweka kwao. Ziwa Victoria halijengewi saruji, twajua. Lakini kinyesi chaweza kuzuiwa kabla hakijafika ziwani.

Jambo hili limezidi kuwa la haraka tangu mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada yake mingi ya afya, pamoja na ile iliyotumika katika magonjwa haya. Vidonge vya bure havitembei vyenyewe kutoka bohari ya Dar es Salaam hadi darasani. Hutaka mafuta ya gari, posho za mafunzo, na fimbo zisizovunjika. Madiwani wetu wa Mwanza waulizwe katika vikao ni kiasi gani kimetengwa kwa kazi hiyo katika makisio ya halmashauri.

Tena waulizwe juu ya watu wazima. Tangu Februari 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mahali penye ugonjwa kwa watu 10 katika kila 100, au zaidi, dawa wapewe wote kuanzia umri wa miaka miwili, si wanafunzi peke yao. Mvuvi, mchimba mchanga, muosha magari kando ya ziwa, mama afuaye nguo kwa ujira, wote wamo. Kwa watoto walio chini ya umri wa shule imekwisha tengenezwa namna ya prazikwanteli inayoyeyuka katika maji, iliyopata kibali cha wataalamu wa dawa wa Ulaya Desemba 2023. Na kwa nyumba isiyo na bomba, maji ya ziwa yakichujwa kwa kitambaa, yakawekwa katika chombo kilichofunikwa kwa siku mbili, viluwiluwi vya kichocho hufa vyenyewe, yakafaa kuogea na kufulia. Ya kunywa lazima yachemshwe.

Tawi la chama lenye wavuvi na wachuuzi wa samaki haliwezi kusema kwamba habari hii ni ya walimu. Lipeleke majina ya wanachama wake katika zahanati iliyo karibu, wapimwe choo, na wenye ugonjwa wapewe dawa juma lile lile ambalo watoto wao wanasimama kando ya fimbo.