Mzee Asiyepona Bado Ana Haki ya Kutibiwa

Katika Kata ya Makorora si jambo geni kusikia familia ikisema, "Hospitali wametuambia turudi naye nyumbani." Maneno hayo yakishatamkwa, watu hushusha sauti, kitanda cha mgonjwa huhamishiwa chumba cha uani, na tangu siku hiyo mzee haulizwi tena anaumwa wapi. Wengi wetu huamini kwamba daktari akishasema ugonjwa hauponi, kazi ya tiba imekwisha.

Imani hiyo huwatesa wazee wetu bure. Ugonjwa unaweza kuwa hauponi, lakini maumivu, kichefuchefu, vidonda, kukosa usingizi na hofu vyote vina tiba. Makala haya yanaeleza huduma anazostahili mzee aliye katika hali hiyo, awe anaishi na wanawe hapa Makorora au anatunzwa katika makazi ya wazee, na hatua ambazo familia inapaswa kuzifuata.

Tiba shufaa ni nini?

Huduma hii wataalamu wa afya nchini wanaiita tiba shufaa. Neno shufaa linafahamika vyema kwa watu wa pwani: ni maombezi, kumsemea mtu ili apate huruma. Ndivyo ilivyo tiba hii. Inamsemea mgonjwa ambaye mwili wake umechoka kujitetea.

Tiba shufaa humhusu mtu mwenye ugonjwa mzito unaotishia maisha, kama vile saratani, kiharusi, moyo au figo zilizoshindwa kufanya kazi. Inaangalia maumivu ya mwili, majonzi ya moyo, mahitaji ya imani na mzigo unaoielemea familia. Haisubiri siku za mwisho; inaweza kuanza siku ugonjwa unapogunduliwa, ikaenda sambamba na matibabu mengine. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka nchi wanachama kuiingiza huduma hii katika mifumo yao ya afya. Hata hivyo, shirika hilo linakadiria kwamba duniani kote ni takriban asilimia 14 tu ya wanaoihitaji ndio wanaoipata.

Katika mkoa wetu huduma hii si ngeni. Hospitali Teule ya Muheza imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa aina hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wauguzi wake wamejulikana kwa kuwafuata wagonjwa hadi majumbani mwao.

Wazee wanaoishi makazini

Ndani ya Jiji la Tanga yapo Makazi ya Wazee ya Mwanzange, na katika Wilaya ya Muheza yapo ya Misufini. Makazi haya ya Serikali yamewekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza. Mwananchi anayemfahamu mzee wa aina hiyo atoe taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au Afisa Mtendaji, ili Afisa Ustawi wa Jamii afuatilie na kuchunguza kama wapo jamaa wanaoweza kumpokea. Makazi hayakuwekwa kuwapokea wazazi ambao watoto wao wana uwezo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatamka kwamba familia itaendelea kuwa tegemeo la kwanza la matunzo ya wazee.

Mzee anayeishi makazini ana haki zilezile za matibabu alizonazo mzee aliyezungukwa na wajukuu. Tofauti iko kitandani. Mzee wa nyumbani akikunja uso, mwanawe hutambua kwamba anaumwa. Mzee wa makazini hana mtu aliyemjua tangu ujana wake. Maumivu yake hutambuliwa tu iwapo mhudumu atamwuliza, atamsikiliza na kuandika. Kwa sababu hiyo kumtembelea mzee asiye ndugu yako ni sehemu ya matibabu yake. Mgeni akikaa naye nusu saa anaweza kugundua kwamba hajala tangu asubuhi au kwamba mguu unamwuma usiku, kisha akamweleza mhudumu wa zamu.

Gharama za matibabu

Kwa mujibu wa sera za nchi, mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na mzee asiye na uwezo wa kulipia anastahili matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Utambuzi huanzia mtaani. Jina la mzee hupitishwa na serikali ya mtaa, taarifa zake huhakikiwa na ofisi ya ustawi wa jamii, kisha hupewa kitambulisho chenye picha. Familia zisingoje mzee azidiwe ndipo zikimbilie ofisini kutafuta kitambulisho. Mzee asiyeweza kutembea asiachwe nje ya utaratibu huu. Ndugu au jirani aeleze hali yake ofisini ili afuatwe alipo.

Mzee akifika kituoni, ndugu waulizie dirisha la wazee. Kwa wakazi wa Makorora hatua ya kwanza ni Kituo cha Afya Makorora, na wagonjwa wanaohitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani aondoke na maelezo ya maandishi: ugonjwa wake, dawa anazotumia, tarehe ya kurudi na mahali pa kwenda akizidiwa usiku. Ndugu wasione haya kuyaomba maelezo hayo.

Dawa ya maumivu makali

Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba maumivu ya saratani yatibiwe kwa kupanda ngazi: huanza dawa nyepesi kama parasetamoli, na zisipotosha hufuata zenye nguvu zaidi, hadi mofini. Hapa nchini Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam, imekuwa ikitengeneza mofini ya maji, ambayo mgonjwa huinywa bila kuchomwa sindano. Majirani zetu wa Uganda walikwenda mbali zaidi: mwaka 2004 waliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandikia wagonjwa, ili vijiji visivyo na daktari visiachwe na maumivu.

Baadhi ya familia huikataa dawa hii zikihofu kwamba mgonjwa atakuwa mlevi wa dawa au atafariki mapema. Mofini ikitolewa kwa kipimo cha daktari na kwa ajili ya maumivu, haiharakishi kifo, na ulevi wa dawa hutokea kwa nadra. Mgonjwa anaweza kusinzia siku za mwanzo; hali hiyo kwa kawaida hupungua. Hufunga choo, hivyo daktari huongeza dawa ya kulainisha. Mofini ya maji hutumika kila baada ya saa nne, hata kama maumivu hayajarudi, kwa kuwa ni rahisi kuyazuia kuliko kuyafukuza yakishakolea. Dawa hii inadhibitiwa kisheria. Ihifadhiwe mbali na watoto, asipewe mtu mwingine, na isikatishwe ghafla bila ushauri wa daktari.

Uuguzi wa nyumbani

Mambo mengi yanayomletea mgonjwa nafuu hayahitaji mashine. Mzee asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili, ngozi yake ikaguliwe mgongoni, nyongani na visiginoni, na shuka zinyooshwe zisiwe na mikunjo. Sehemu iliyobadilika rangi ni dalili ya kidonda kinachokuja. Isisuguliwe, na mhudumu wa afya ajulishwe. Kinywa kisafishwe kwa kitambaa laini chenye maji safi, na midomo ipakwe mafuta. Kama kuna kidonda chenye harufu, familia isimtenge mgonjwa kwa aibu. Ziko dawa za kuipunguza, na muuguzi anaweza kuelekeza.

Siku za mwisho zinapokaribia, mgonjwa hulala zaidi, hula kidogo au hukataa chakula kabisa, mikono na miguu hupoa, na pumzi huenda kwa kusitasita. Familia nyingi huogopa zikadhani anakufa kwa njaa, zikamlisha uji kwa nguvu. Mwili unaofunga safari hauhitaji tena chakula kingi, na kulazimisha kunaweza kumpalia. Tone la maji midomoni linatosha. Aendelee kusemeshwa kwa upole, kwa maana huenda bado anasikia.

Tumwulize mzee mapema

Jambo linaloahirishwa zaidi ni mazungumzo. Tunaogopa kumwuliza mzee angependa nini, tukiona kana kwamba tunamtakia mauti. Matokeo yake ni mabishano ya ndugu mlangoni mwa wodi: mmoja anataka apelekwe Dar es Salaam, mwingine anataka arudishwe kijijini, na mwenye mwili wake hakuulizwa.

Mzee aulizwe angali na nguvu ya kujibu. Angependa kuuguziwa wapi? Nani aitwe hali ikibadilika? Kuna mtu anayetaka kupatana naye, deni la kulipa, au wosia wa kuandika? Angependa kusomewa na kutamkishwa shahada, au aitiwe padri au mchungaji wake? Azikwe wapi? Majibu yaandikwe na yafahamike kwa zaidi ya mtu mmoja. Makazini maswali haya yana uzito zaidi, kwa sababu mzee akinyamaza hakuna ndugu wa kujibu kwa niaba yake; jibu lake la leo ndilo litakaloonyesha ni imani gani itakayomzika.

Baada ya msiba

Kifo kinachotokea hospitalini huanza kuandikwa hukohuko. Kikitokea nyumbani, taarifa itolewe kwa uongozi wa mtaa na ofisi ya mtendaji ili utaratibu wa kibali cha mazishi na usajili ufuatwe. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, na cheti hutolewa kupitia Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Bila cheti hicho, mirathi na mafao huchelewa, na mjane ndiye anayeumia kwanza.

Wakazi wa Makorora wenye mgonjwa wa aina hii wafike Kituo cha Afya au wamweleze mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliye katika mtaa wao. Wasiseme tu kwamba "mzee amechoka". Waseme anaumwa wapi, tangu lini, na kama jana usiku alilala. Kwa maelezo hayo mtaalamu atajua pa kuanzia, na mzee ataweza kupata usiku wa kulala bila maumivu, hata kama ni mmoja kati ya michache iliyobaki.