Paipu Kabla ya Plasta: Mtandao wa Jengo la Ghorofa Upangwe Mapema

Pita Upanga au Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Kilimani jijini Nairobi, utazame kuta za majengo ya ghorofa. Waya mweusi umetoka kwenye nguzo, umepanda nje ya ukuta na kuingilia dirisha la jikoni. Kando yake upo wa kampuni nyingine, na wa tatu uliokatwa ukaachwa unaning'inia. Baadhi ya majengo hayo ni mapya. Fundi alipita nje kwa sababu ndani hakuachiwa njia. Michoro ilipokuwa mezani, maji safi yalipangiwa paipu zake, majitaka yakapangiwa, umeme ukapangiwa. Mtandao ukaachwa uje ujitafutie.

Leo mtandao huo unabeba kamera za ulinzi, kengele za mlangoni, geti, pampu za maji, kazi za watu wanaofanyia ofisi nyumbani na masomo ya watoto. Wenye majengo wengi, wakitaka jengo la kisasa, huanza kwa kununua vifaa. Nashauri waanzie upande wa pili. Jengo hukaa miaka 50 na zaidi. Waya mzuri ukutani unaweza kudumu miaka 20. Rauta au kamera, baada ya miaka mitano hivi, huwa imepitwa. Kinachodumu zaidi ndicho kipangwe kwanza: njia, kisha nyaya, kisha umeme wa akiba. Vifaa vije mwisho.

Tuchukue mfano wa jengo la ghorofa 8 lenye fleti 32. Linahitaji chumba kidogo cha mitambo ghorofa ya chini, kikavu, chenye hewa na kufuli, mbali na tangi la maji. Kutoka hapo ipande dakti ya wima hadi juu, tofauti na ile ya nyaya za umeme, yenye mlango mdogo kila ghorofa. Kutoka dakti, kila fleti ipate paipu yake, na ndani ya kila paipu ibaki kamba ya kuvutia waya. Paipu isijazwe zaidi ya asilimia 40 ya nafasi yake, ili mtu wa mwaka 2040 apate pa kupitisha asichokijua mtu wa leo. Na kila tundu linalotoboa sakafu ya ghorofa lizibwe kwa nyenzo inayozuia moto. Dakti iliyo wazi hupandisha moshi hadi ghorofa ya juu kwa dakika chache.

Kwenye nyaya, kuna kipimo kimoja kinachoamua mambo mengi: waya wa shaba wa mtandao hautakiwi kuzidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, na kati ya hizo, 90 ndizo za ukutani. Kwa hiyo panda na faiba, kisha utawanye kwa shaba ndani ya fleti. Faiba hubeba mwanga, hivyo haisafirishi umeme wa radi kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Kigawanyo kimoja kisichohitaji umeme kinaweza kuhudumia fleti zote 32 kwa uzi mmoja unaoingia. Kila fleti ipelekewe nyuzi mbili au zaidi: mmoja wa kutumika, mwingine wa akiba au wa kampuni ya pili.

Dukani uwe macho. Kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, unaouzwa kwa bei nafuu kama waya wa mtandao wa Cat6. Ukwangue kwa kisu: ukiona rangi ya fedha, uache. Hupitisha umeme vibaya na hupata joto unapolisha kamera umeme, na kuung'oa ukutani kunagharimu kuliko ulichookoa.

Ndani ya fleti, kosa la kawaida ni kuweka rauta kwenye kisanduku cha chuma nyuma ya mlango, kisha watu walalamike kwamba waifai haifiki chumbani. Ukuta wa zege lenye nondo hula mawimbi, hasa yale ya gigahezi 5 yenye kasi kubwa. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi, lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, na majirani 32 wanazigombania. Dawa ni kuacha tundu la waya kwenye dari katikati ya fleti, na jingine penye televisheni au meza ya kazi. Kila kifaa kisichohama kikitumia waya, waifai hubaki na nafasi kwa simu.

Halafu umeme. Jengo ambalo milango na kamera zake hufa umeme unapokatika halina ulinzi saa linapouhitaji zaidi. Hapa kuna teknolojia nzuri yenye kiwango rasmi tangu mwaka 2003: waya wa mtandao wenyewe hupeleka umeme hadi kwenye kamera. Hivyo betri moja katika chumba cha mitambo hulisha kamera zote. Tuhesabu: kamera 16 za wati 8 ni wati 128, ukiongeza rekoda na swichi za mtandao, chukua wati 250. Kwa saa sita ni kilowati-saa 1.5, nunua betri ya kilowati-saa 2 ili ibaki ziada. Huo si mzigo wa jenereta. Kufuli za umeme nazo ziwe za kufunguka kwa mkono kutoka ndani, bila kadi wala simu, kwa ajili ya siku ya moto.

Intaneti nayo hukatika. Mwezi Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, na huduma ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Mfumo wa geti unaotegemea seva iliyo ng'ambo ungewafungia watu nje siku ile. Kabla ya kununua chochote, muulize muuzaji: nikizima intaneti, kitafanya kazi gani? Geti, kamera na pampu lazima zijiendeshe ndani ya jengo. Na ukitafuta pa kuanzia, anza na maji: sensa ya kina kwenye tangi la juu na la chini, na dira ya maji ya kila fleti. Pampu haitaungua kwa kukosa maji, na ugomvi wa bili utapungua.

Kamera zinataka uamuzi kabla ya manunuzi. Moja inayorekodi megabiti 4 kwa sekunde huzalisha gigabaiti 43 kwa siku. Kumi na sita kwa siku 30 ni karibu terabaiti 21. Amueni kwanza mnahitaji siku ngapi. Amueni pia nani ataziona picha hizo, maana Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Kamera ielekee geti, ngazi na maegesho, isichungulie mlango wa mtu. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na rekoda nyingi duniani zilizoachwa na nywila za kiwandani, ikazitumia kushambulia mitandao. Badilisha nywila siku ya kwanza, na kamera ziwe na mtandao wao, mbali na wa wakazi. Mpangaji akihama, kadi yake ifutwe siku hiyohiyo.

Mwisho ni umiliki. Kampuni ikija na ofa ya kuweka nyaya bure mradi iwe peke yake jengoni, wakazi ndio watakaolipa ofa hiyo kwa miaka mingi. Dakti na nyaya za pamoja ziwe mali ya jengo, na kampuni yoyote iweze kuingia. Michoro, lebo na nywila kuu zikabidhiwe chama cha wamiliki, zisibaki kwenye simu ya fundi.

Jengo lililokwisha kujengwa bado lina nafasi: mfereji wa plastiki wenye kifuniko kando ya ngazi hufanya kazi ya dakti. Lakini kwa linaloanza, muda ni sasa. Katika kikao kijacho na msanifu majengo, omba mchoro wa mtandao kama unavyoomba wa maji, na zege lisimwagwe kabla hujauona.