Resini kwa Kazi za Mikono: Kipimo Kikikosewa, Mtaji Hupotea

Herini, bangili na vishikio vya funguo vyenye ua lililokauka ndani yake ni bidhaa ambazo kikundi kidogo kinaweza kuzitengeneza mezani bila mashine. Malighafi yake ni resini, kimiminika kinachoganda kikichanganywa na kigumisho, kile ambacho mafundi wa bodi za magari hukiita hadina. Ikishaganda haiyeyushwi tena. Kwa kikundi kilichoinunua kwa mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mkopo usio na riba lakini unaorejeshwa, kopo lililoharibika ni hasara isiyofidiwa na mtu.

Kwa anayeanza, epoksi inafaa kuliko poliesta. Poliesta ina harufu kali, husinyaa inapoganda, na haifai kabisa kutumiwa katika chumba cha kuishi. Resini inayogandishwa kwa taa maalumu huwa tayari kwa dakika chache, ila kwa tabaka jembamba tu. Hata epoksi hazilingani: iliyotengenezwa kwa kupakwa juu ya meza, ikimiminwa kwenye kalibu yenye kina, huweza kupata joto kali, kupasuka na hata kufuka moshi. Kina kinachoruhusiwa husomwa kwenye lebo.

Kosa lililo kubwa zaidi liko kwenye kipimo. Zipo epoksi zinazochanganywa moja kwa moja na zipo za mbili kwa moja. Lebo husema pia iwapo kipimo ni cha ujazo au cha uzito. Viwili hivyo havibadilishani, kwa kuwa kigumisho kwa kawaida ni chepesi kuliko resini. Wengi huongeza kigumisho wakitaka kazi ikauke upesi. Kwa poliesta, matone machache ya ziada huiharakisha kweli, na huenda mazoea hayo yalianzia huko. Kwa epoksi, ziada hukosa cha kuungana nacho, na herini hubaki laini au yenye kunata hata baada ya wiki.

Mchanganyiko hukorogwa taratibu kwa dakika tatu hadi tano, huku kingo na kitako cha kikombe vikikwanguliwa, kisha humiminwa kama uzi mwembamba ili viputo vipungue. Ua lenye unyevu huharibu kazi. Penye joto resini huwahi kuganda, hivyo ni busara kuchanganya kidogo kidogo. Kalibu ya silikoni huachwa saa 24 hadi 72, kwa kufuata lebo.

Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio wa kudumu. Glovu zisizopenyeza, madirisha wazi na watoto kukaa mbali ni masharti ya kazi hii. Anayepiga msasa avae barakoa ya vumbi. Iliyogusa ngozi huoshwa kwa sabuni na maji, kamwe si kwa tina. Mabaki yaachwe yagande kikombeni ndipo yatupwe na taka ngumu, yasimwagwe mtaroni.

Vikundi vinavyokusudia kuomba mkopo kwa kazi hii vifike kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata, vikiwa na mchanganuo wa gharama unaojumuisha mizani na glovu.