Mto Unasafishwa Leo, Kesho Utatunzwa na Nani?

Ikinyesha Upper Hill, usisimame karibu na mtaro. Maji yanateremka na kila kitu: chupa za soda, karatasi za chipsi, na wakati mwingine harufu ambayo hutaki kuuliza imetoka wapi. Zamani kilima hiki kilikuwa na nyumba za chini za wafanyakazi wa reli. Leo kimejaa maghorofa ya benki na bima. Uchafu wetu unatafuta njia ya kushuka mtoni, ilhali Maji House, makao ya Wizara ya Maji, iko papa hapa kando ya Ngong Road.

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, kibarua changu cha kwanza kilikuwa kuzoa taka kando ya mto, kwenye mradi ambao sitautaja. Gamboti, reki na glavu zilizotoboka. Kwa wiki sita tulijaza magunia mpaka maji yakaanza kuonekana. Kisha doo ikaisha, tukaambiwa asanteni. Nilipopita tena baada ya miezi mitatu, hungejua kuna mtu aliwahi kushika reki pale.

Jiji zima linaijua hadithi hii. Mwaka wa 2008, marehemu John Michuki, wakati huo Waziri wa Mazingira, aliongoza usafishaji wa Mto Nairobi. Mahali palipokuwa jaa karibu na Globe pakawa bustani, ambayo sasa ina jina lake. Michuki alifariki 2012. Bustani ikachakaa, taka zikarudi, na ilibidi ifufuliwe upya 2020. Kusafisha tunajua. Kutunza ndiko kunatushinda.

Sasa tumeanza tena. Machi 2025, Rais William Ruto alizindua mpango wa kufufua mto huo: kilomita 27, takriban Sh50 bilioni, na maelfu ya vijana waliopewa kazi kupitia Climate WorX. Ndani yake kuna pia mabomba ya majitaka, nyumba na masoko.

Siwezi kudharau kibarua. Kimenilisha. Lakini nikiokota chupa leo na bomba la choo bado linamwaga mtoni, nimefanya nini? Pesa ya reki inaonekana kwenye picha siku hiyo hiyo. Pesa ya bomba, na mshahara wa fundi atakayelikagua mwaka wa tatu, haipigwi picha. Ndiyo maana hukatwa kwanza.

Hapo ndipo sisi tuingie. Kipengele cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi, na cha 201 kinataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Katikati hapo kuna vikao vya maoni ya wananchi. Wengi wetu hatuendi, kisha tunalalamika mtandaoni. Swali la kubeba ni moja: mwaka ujao mmetenga pesa ngapi za kutunza kile mlichosafisha mwaka huu?

Msee tuliyezoa taka pamoja siku hizi ni wa bodaboda, stejini karibu na Hospitali ya Kenyatta. Nilimwambia safari hii nitaenda kikao. Akacheka sana, kisha akaniuliza ni saa ngapi.