Upepo Mkali Ukija, Salio Peke Yake Halitoshi

Sisi tunaoishi huku Kwale, kuanzia Diani hadi Msambweni, tumezoea upepo wa kusi. Ikifika Aprili bahari inachafuka na mitumbwi inavutwa juu ufuoni. Lakini Mei 2024 ilitutia wasiwasi. Kimbunga Hidaya kilikuwa njiani, Idara ya Hali ya Hewa ikaonya kuhusu mawimbi ya zaidi ya mita 2, na serikali ikazuia uvuvi na kuogelea. Tarehe 4 kikatua kisiwani Mafia, Tanzania.

Tulichojifunza ni kwamba si lazima paa ling'oke ndio ukwame. Mnazi mmoja ukiangukia nyaya, stima inapotea. Simu inazima, wakala anafunga duka, na wewe salio unalo lakini unga huwezi kununua.

Siku hizi tukisikia onyo tu:

- Tunachaji simu mapema.
- Tunatoa pesa kidogo za siku mbili: chakula, maji, dawa.
- Tunaandika nambari muhimu kwenye karatasi.

Dhoruba ikipita, matapeli nao huamka. Ukipata SMS, "Bati limeruka, simu yangu imeharibika, nitumie kwa namba hii," usikimbilie kutuma. Piga namba yake ya kila siku usikie sauti yake. Hapatikani? Mpigie jirani. Na sisi hatukupigii simu kukuomba PIN, hata siku ya dhoruba.

Kusi itarudi. Simu yako ina chaji ngapi sasa hivi?